Nukta Moja kati ya Rehema na Zahama



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, juma hili safu yetu inazungumzia jambo ambalo wengi watalidhania kuwa ni la mafundi peke yao: namna maandishi yanavyoharibika pale kompyuta moja inapounganishwa na skrini mbili zisizolingana. Nimelileta katika kurasa hizi za familia kwa sababu nimelishuhudia likimdhulumu mtoto, na aliyemdhulumu ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa katika madrasa moja huko Mazingara, wilayani Handeni. Walimu wa pale walinialika niwafundishe watoto kwa kutumia kompyuta, nami nikaenda na kompyuta mpakato yangu pamoja na projekta kuukuu ya kuazima. Somo nililoliandaa lilikuwa jepesi: kutofautisha herufi za Kiarabu zenye umbo moja kwa kuangalia nukta zake. Nilipanga maneno ishirini katika ukurasa mmoja, nikaunganisha waya, na picha ikatokea kwenye ukuta mweupe nyuma yangu. Watoto wakashangilia. Mimi nilikaa nyuma ya meza, kioo cha kompyuta kikinielekea. Wao walikaa chini juu ya mikeka, wakiutazama ukuta.

Nilimwita binti mmoja wa umri wa miaka kumi hivi, ambaye walimu wake walikuwa wamemsifu kwangu.

"Soma neno la tatu."

"Abee, ustadhi. Rahmah."

Nilitazama kioo changu. Neno la tatu lilikuwa *zahmah*, na nukta ya herufi zai ilionekana wazi kabisa.

"Tazama vizuri, kisha usome tena."

Akatazama. Akakunja uso kidogo. "Rahmah, ustadhi."

Wenzake wakacheka. Nami, Allah anisamehe, nikamwambia mbele yao wote kwamba mtu asiyejua tofauti ya ra na zai hana budi kurudi kwa wadogo zake wanaoanza alifu. Akakaa chini, akajifunika ushungi mpaka machoni, na hakuinua uso tena mpaka mwisho wa somo.

Bibi yake alikuwepo. Alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake, akakaa karibu na mlango akingoja. Watoto walipotawanyika alinijia kwa upole, akaniamkua kwa salamu, kisha akasema: "Mwanangu, hebu njoo ukae pale alipokaa mtoto." Nikaenda, nikakaa juu ya mkeka, nikautazama ukuta. Neno la tatu halikuwa na nukta. Pale ilipopasa kuwapo palikuwa na ukungu wa kijivujivu ambao mtu angeweza kuudhania uchafu wa ukuta. Binti yule alikuwa amesoma kwa usahihi kamili kile alichoonyeshwa.

Ndugu msomaji, maneno haya mawili sisi Waswahili tunayajua, maana yote mawili yamo katika lugha yetu. *Rahmah* ndiyo rehema. *Zahmah*, yaani msongamano, ndiyo asili ya zahama. Katika maandishi ya Kiarabu yanatofautiana kwa nukta moja tu iliyo juu ya herufi ya kwanza. Nukta hiyo ikitoweka, zahama husomeka rehema.

Je, nukta ilikwenda wapi? Kulifahamu jambo hili, tuutazame mkeka. Fundi wa mikeka akitaka kutia ua dogo katika kazi yake, hutumia miyaa iliyochanwa nyembamba. Akipewa miyaa mipana na akaambiwa atie ua lilelile kwa ukubwa uleule, hataweza: ua litakuwa doa. Skrini nayo ni mkeka uliofumwa kwa vitone vidogo vya nuru, ambavyo mafundi huviita pikseli. Kila herufi unayoiona imejengwa kwa vitone hivyo, na idadi yake ndiyo inayoamua ni kitu kidogo kiasi gani kinaweza kuonekana.

Kompyuta yangu ina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Ukizidisha unapata zaidi ya milioni moja. Projekta ile ya zamani ilikuwa na 800 kwa 600, yaani 480,000 tu. Tena maumbo yao hayafanani: kioo cha kompyuta ni kipana, na picha ya projekta inakaribia mraba. Ili picha ya kompyuta iingie bila kuminywa, projekta iliacha utepe mweusi juu na chini, ikatumia pikseli 800 kwa 450 peke yake, ambazo ni 360,000. Kwa hiyo kila pikseli tatu za kioo changu zilipewa takriban nafasi ya pikseli moja ukutani. Nukta ya zai, ambayo kwenye kompyuta ilikuwa na pikseli nne, mbili kwa mbili, ilibaki na moja na sehemu kidogo, nayo ikachanganywa na weupe wa karatasi inayoizunguka. Ongeza mwanga wa jua uliokuwa ukiingia dirishani, na nukta imekwisha.

Angalia kwamba hapakuwa na kifaa kibovu. Kompyuta ilitoa picha iliyo sawa, na projekta ilijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Kosa lilikuwa langu, kwa kudhani kwamba kwa kuwa mimi naona, basi na wao wanaona.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba wao hawana projekta kuukuu, bali wana televisheni mpya kubwa sebuleni, nayo huwaunganishia watoto wao ili wasome. Hao nao wana mtihani wao, unaokuja kwa upande wa pili. Televisheni nyingi za siku hizi zina pikseli 1920 kwa 1080, na zile ziitwazo 4K zina 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane. Ukiiambia kompyuta itoe nakala moja ya picha kwa skrini zote mbili, mara nyingi huchagua kipimo kimoja kwa zote, nayo televisheni yenye uwezo mkubwa hupokea picha ndogo na kuivuta ili ijae. Kitu kilichovutwa hakiongezeki habari. Huongezeka ukubwa na kupungua ukali. Herufi zinakuwa nene zenye kingo za moshi, na fat-ha iliyo juu ya herufi hukaribia kuungana na nukta.

Liko na jambo la tatu, nalo linawahusu zaidi wanaotumia skrini mbili kwa pamoja, kama vile makarani na wanafunzi wa vyuo. Kwa miaka mingi programu za Windows ziliandikwa kwa kudhani kwamba kila inchi ya kioo ina pikseli 96. Vioo vikaja kuwa na pikseli nyingi zaidi katika inchi ileile, na maandishi yakawa madogo mno. Ndipo ukawekwa utaratibu wa kuyakuza kwa asilimia 125, 150 na zaidi. Sasa ikiwa kioo cha kompyuta kimewekewa asilimia 150 na skrini ya pili asilimia 100, programu isiyojua habari hii hujichora kwa kipimo kimoja tu. Ukiihamishia upande wa pili, mfumo huichukua kama picha na kuivuta au kuiminya. Ndiyo maana mtu huona maandishi makali upande huu, na ya ukungu upande ule, ilhali programu ni moja. Windows 8.1 ya mwaka 2013 ilizipa programu njia ya kutambua kipimo cha kila skrini peke yake, na Windows 10 ikaiboresha njia hiyo mwaka 2017. Lakini programu zilizoandikwa kabla ya hapo, au zilizoandikwa baadaye bila kuzingatia jambo hili, bado zingalipo katika kompyuta zetu.

Kwa maandishi ya Kilatini, ukungu huo ni kero ya macho. Msomaji akiona neno "rehema" lenye ukungu bado atalisoma rehema. Katika hati ya Kiarabu mambo si hivyo. Herufi ba, ta, tha, nun na ya, zikiwa katikati ya neno, zote ni jino moja. Kinachozitenganisha ni nukta, idadi yake, na kama ziko juu au chini. Jim, ha na kha ni umbo moja. Sin na shin, sad na dhad, ain na ghain, vivyo hivyo. Kilicho kidogo zaidi katika ukurasa ndicho kinachobeba maana, na kilicho kidogo zaidi ndicho ambacho skrini dhaifu hukipoteza kwanza.

Wazee wetu katika Uislamu waliutambua udhaifu wa maandishi mapema sana. Misahafu ya mwanzo iliandikwa karibu yote bila nukta wala irabu; waliosoma walikuwa wamekwisha kuipokea Qur'ani kwa masikio, na maandishi yalikuwa ukumbusho. Uislamu ulipowafikia watu ambao Kiarabu si lugha yao, ikahofiwa makosa. Wanahistoria wa elimu za Qur'ani humtaja Abul-Aswad ad-Du'ali, katika karne ya kwanza ya Hijra, kuwa ndiye aliyeanza kuweka alama za irabu kwa vitone vya rangi. Kisha huwataja Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar kwa kazi ya kuzitenganisha kwa nukta herufi zinazofanana, na Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya pili, kwa maumbo ya fat-ha, kasra na dhumma tunayoyatumia hadi leo. Kazi ile yote ilifanywa kwa ajili ya watu kama sisi, tusiozaliwa na Kiarabu vinywani. Ni msiba kwamba kazi hiyo iweze kufutwa ukutani kwa waya uliochomekwa kwa haraka.

Na hapa kwetu Tanga jambo hili si geni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, alikuwa mtu wa zama ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika uandishi ule wa kale herufi ba iliweza kubeba sauti ya b, ya p na ya mb. Msomaji alilitambua neno kwa kuwa lugha ilikuwa yake na habari aliijua. Mtoto anayejifunza Qur'ani hana msaada huo. Yeye haijui bado lugha anayoisoma. Hawezi kukisia kwa maana. Anayo macho yake na mwalimu wake tu. Tukimnyima nukta, tumemwachia nini?

Basi tufanyeje? Sisemi vifaa hivi vitupwe. Vimetufaa, na katika vijiji ambako msahafu mmoja hushikwa na watoto watatu, ukuta mmoja unaosomeka na wote ni neema. Ninachokisema ni kwamba vinahitaji kutayarishwa, na matayarisho yenyewe hayazidi dakika kumi.

Kwanza, usiridhike na nakala. Katika kompyuta yenye Windows, ukibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, utapewa njia nne: kutumia kioo cha kompyuta pekee, kutoa nakala moja kwa skrini zote, kuitandaza kazi katika skrini mbili, au kutumia skrini ya pili pekee. Ukichagua kutandaza au skrini ya pili pekee, kompyuta huweza kuipa skrini ile kipimo chake cha asili, badala ya kuilazimisha ifuate kipimo cha jirani. Kisha ingia katika mipangilio ya skrini, uhakikishe kwamba kipimo kilichochaguliwa ndicho kinachopendekezwa kwa kifaa hicho.

Pili, kuza herufi, upunguze mistari. Msahafu wa Madina ulioandikwa kwa mkono wa khatati Uthman Taha una kurasa 604, karibu kila ukurasa mistari 15. Mpangilio huo ni mzuri kwa kitabu kilicho mkononi. Ukutani, kwa projekta dhaifu, mistari 15 ni mingi, mitano inatosha. Nukta ikipata pikseli nyingi za kutosha, haitapotea. Lakini ikiwa ulichonacho ni picha ya ukurasa iliyopigwa kwa simu, fahamu kwamba kuikuza hakurudishi nukta ambayo tangu mwanzo haikunaswa.

Tatu, ichunguze mipaka. Baadhi ya televisheni hukata ukingo wa picha, na kwa hati inayoanzia kulia, kinachokatwa ni mwanzo wa mstari. Tafuta katika mipangilio ya televisheni yenyewe sehemu ya ukubwa wa picha, uchague ile inayoonyesha picha yote bila kukata.

Nne, programu ikiwa na ukungu baada ya kuhamishwa kutoka skrini moja hadi nyingine, ifunge uifungue upya ikiwa katika skrini utakayoitumia. Ikishindikana, toka katika akaunti yako ya kompyuta na kuingia tena, ukiwa umekwisha kuunganisha waya. Na ikiwa dirisha la programu limepotea kabisa baada ya kuchomoa skrini ya pili, usifadhaike. Libonyeze jina lake chini ya kioo ili lichaguliwe, kisha shika kitufe cha Windows na cha Shift kwa pamoja ukibonyeza mshale wa kushoto au wa kulia. Halikufutika, limebaki upande ambao haupo tena.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kabla ya watoto kuingia, andika maneno machache yenye herufi zinazofanana, uende ukakae pale atakapokaa mtoto wa mwisho kabisa, usome. Usimwombe mwenzako akuelezee. Kaa wewe mwenyewe. Na somo likianza, msahafu uwe mkononi mwa mwalimu. Skrini na msahafu vikitofautiana, msahafu ndio shahidi.

Haya hayahusu madrasa peke yake. Mweka hazina wa msikiti anayewaonyesha waumini hesabu ukutani, naye ajue kwamba nukta ya desimali ni ndogo kama nukta ya zai. Milioni 1.5 ikipoteza nukta yake husomeka milioni 15, na mtu mwaminifu akaondoka katika mkutano akiwa ametiliwa shaka. Ni mara ngapi tumegombana majumbani kwetu, kila mmoja akiapa kwa alichokiona, na hakuna aliyeinuka kwenda kukaa mahali pa mwenzake?

Nawageukia wazazi. Mtoto wako akirudi nyumbani kutoka masomoni akasema "sikuona vizuri", usiharakie kumwita mvivu. Muulize alikaa wapi, aliangalia nini, na mwalimu alikuwa akiangalia nini. Inawezekana macho yake yanahitaji kupimwa, na hilo nalo ni jema kulijua mapema. Inawezekana pia kwamba anasema kweli tupu. Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuhukumu, na amri hiyo haikuweka umri wa anayehukumiwa.

Nilirudi Mazingara juma lililofuata. Safari hii sikuanza na projekta. Niliomba ubao na chaki, nikaandika maneno yale mawili kwa herufi kubwa, nikawaeleza watoto yaliyotokea, kisha nikamwomba radhi binti yule mbele ya wenzake walewale waliomcheka. Hakusema kitu. Nilipowasha projekta, baada ya kuipanga kama nilivyoeleza hapa, niliwauliza kama nukta ya neno la tatu inaonekana. Wote wakaitikia kwa pamoja kwamba inaonekana. Yeye hakuitikia. Aliinuka, akauendea ukuta mpaka karibu kabisa, akaitazama nukta ile kwa muda, kisha akaja kuzunguka meza na kukitazama kioo changu. Alipokwisha kulinganisha, akarudi mkekani kwake.

"Zahmah, ustadhi," akasema.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutakabalie yaliyo mema, atusamehe tuliyowakosea watoto wetu kwa kujua na kwa kutojua, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.